Mimba Niliyoisingizia

Kama unayasoma haya umejifungia chooni, na bomba umelifungulia ili maji yafunike mlio wa kiberiti, basi ni wewe ninayekuandikia. Sitakusema. Nimekaa humo miaka sita na najua hata pa kusimama ili moshi utokee dirishani usirudi ndani. Kwa nini tumbaku humdhuru mtoto aliye tumboni, hilo waulize wenye kazi yao. Mimi ni mpika wali. Nitasimulia yaliyonipata tu, tangu nilipojua nina mimba hadi nilipotoka wodini na mtoto, kwa sababu wakati nayapitia nilitafuta mwanamke mmoja wa huku kwetu Tanga aliyewahi kuyasema, na sikumpata.

Naitwa Mwajuma. Nina kibanda cha chakula nje ya bandari, na sigara iliniingia kwa mlango wa jikoni. Madereva wa malori wakishakula walikuwa wananipa sigara niwawashie kwenye mkaa, maana mimi ndiye niliyekaa karibu na jiko. Sigara haiwaki bila kuvutwa. Unavuta mara moja, moto unashika, unampa mwenyewe. Mwaka wa kwanza nilikuwa natema mate kila nikimaliza. Mwaka wa pili nikawa nachelewa kidogo kuwarudishia. Baada ya hapo nikaanza kununua zangu, moja moja, kwenye duka la mtaa wa tatu ambako hawanijui, nikisema ni za fundi anayenijengea. Fundi huyo alijenga miaka yote hiyo na nyumba haikupauliwa.

Mume wangu Shabani ni fundi wa kuchomelea mageti na madirisha pale Nguvumali. Alinioa nikiwa tayari mvutaji na hakujua. Akinikuta nanuka moshi alijua ni jiko, na mimi nilitafuna iliki na karafuu hadi watu wakasema mke wa Shabani mdomo wake unanukia biriani. Tuliingoja mimba miaka minne. Ilipokuja, joto la kaskazi likiwa limepamba moto, nilifurahi kwa muda wa kama dakika tano, kisha nikakumbuka nilichokuwa nimeficha nyuma ya debe la mkaa.

Kliniki ya kwanza walitaka niende na baba wa mtoto, tupime damu wote wawili. Tulikaa kwenye benchi tangu saa moja asubuhi, Shabani kavaa shati la Idi. Nesi alikuwa binti mdogo, anauliza huku anaandika. Hedhi ya mwisho lini, mimba ya ngapi, ukoo una kisukari. Alipofika kwenye pombe na sigara, Shabani akacheka akanijibia, akasema huyu moshi wa mkaa tu unamtosha. Nesi naye akacheka, akachora mstari kwenye karatasi. Nilikuwa na nafasi ya kusema pale. Niliitumia kurekebisha mtandio.

Jioni ile nilivuta ya mwisho, na sitakudanganya, niliivuta hadi ikaniunguza vidole. Kesho yake sikununua.

Sasa nikwambie ubaya wenyewe ulipo. Mtu akiacha pombe, mtaa mzima unamshukuru Mungu. Mimi niliacha kitu ambacho hakuna aliyejua ninacho, kwa hiyo hapakuwa na wa kunipa pole wala hongera. Mikono ilitetemeka nikikata vitunguu, nikasema ni mimba. Jasho lilinitoka nimekaa kivulini, nikasema ni mimba. Vidonda vilijaa mdomoni, choo kikafunga siku nne, usingizi ukawa wa kuamka kila saa, na njaa yake ilikuwa ya kula chochote kilicho mbele yangu kisha kulia kwamba nimekila. Kila kitu nilimtwika aliye tumboni, naye hana mdomo wa kujitetea.

Kisha pua yangu ikarudi. Sikujua kama ilikuwa imeondoka. Asubuhi moja nilisikia harufu ya dagaa waliokuwa wakikaangwa nyumba ya nne, nikasikia mtaro, nikasikia kanga yangu mwenyewe. Na Shabani alipoingia mchana kutoka kazini nikasikia chuma kilichoungua, kimemjaa nywele na nguo. Wanawake wengi wenye mimba harufu kama ile ingewatapisha. Mimi mate yalinijaa mdomoni kwa hamu. Mume wangu alinuka kile hasa nilichokuwa nakikimbia, na kila aliponikaribia niliona nitatoka mbio hadi mtaa wa tatu.

Siku aliponishika bega nikiwa jikoni nilimrushia mwiko. Nikamwambia aondoke, ananuka. Alienda kuoga, akarudi na kanzu safi, akasimama mlangoni akauliza, "Bado?" Nikasema bado. Alikula chakula chake nje siku hiyo, na siku zilizofuata ikawa hivyo hivyo, mpaka akampigia mama yake simu.

Mama mkwe wangu, Bi Fatuma, alikuja kutoka Kigombe Ijumaa ile ile. Ni mwanamke wa maneno machache na mkono mwepesi wa kazi. Alikaa siku nzima ananiangalia, kisha akatoa hukumu yake tukiwa tumekaa mkekani. "Hapa hapana ugonjwa," akasema. "Mimba yamkataa baba yake. Mimi mwenyewe nilipokuwa na Shabani nilikaa miezi mitano sitaki hata kusikia babake akikohoa."

Kwetu jambo hilo linajulikana na halina aibu. Mimba inaweza kumchukia mume, na dawa yake ni kuwatenga hadi itulie. Halaumiwi mke, halaumiwi mume. Niliona mlango umefunguliwa, nikapita. Mtoto hajaota hata kucha na tayari nimemsingizia ugomvi na babake. Mama yangu mzazi alishafariki, kwa hiyo wa kunipokea alikuwa Bi Fatuma. Kibanda nikamwachia mwenzangu tunayepika naye, nikafunga nguo zangu, nikahamia Kigombe. Shabani alibeba begi hadi stendi akitembea nyuma yangu hatua kama kumi, ili upepo usiniletee harufu yake.

Kigombe kifua kikaanza. Miaka sita navuta sikukohoa. Nimeacha, ndipo nikakohoa, na kilichotoka kilikuwa na weusi kama masizi ya sufuria. Bi Fatuma alishamzika dada yake kwa kifua kikuu. Niliona kikombe changu kinaoshwa peke yake na kinawekwa peke yake. Jirani aliyekuwa anakuja kusuka ukili wa mikeka uani akahamishia mkeka wake upande wa pili. Ningeweza kuwaondolea hofu kwa sentensi moja. Badala yake nikapeleka makohozi zahanati asubuhi mbili, majibu yakaja safi, na kikombe kikarudi na wenzake baada ya wiki nyingine. Ikiwa umeacha sigara na unakohoa kuliko ulipokuwa unavuta, nenda kapime, lakini usidhani unakufa. Mimi nilidhani hivyo, na sikuwa na wa kumwambia.

Shabani alikuja kila Jumapili. Mama yake alimwekea mpaka: asivuke baraza. Chumba changu kilikuwa na dirisha upande huo, kwa hiyo alikaa chini ya dirisha na mimi nikakaa kitandani, tukazungumza bila kuonana. Umekula. Nimekula. Amecheza. Bado. Jumapili moja alinyamaza kwa muda mrefu sana nikadhani keshaondoka, nikalia kwa sauti. Ndipo nikasikia anatafuta viatu vyake, kumbe alikuwapo bado.

Ramadhani ilinikuta katika hali hiyo, mimba ikiwa na wiki kumi na sita. Kiungulia kilinichoma na mate yalinijaa, natema siku nzima kwenye kopo. Jioni moja baada ya futari, wanawake watatu wanne wamekaa uani na Bi Fatuma, aliniita. Akafungua kijaluba chake, kile kikopo kidogo cha tambuu, akapaka chokaa kwenye jani la tambuu, akatia popoo, ile kokwa ngumu iliyokatwakatwa, na kipande cha tumbaku, akalikunja vizuri akanipa, akisema litanikausha mate. Mama mkwe kukukunjia tambuu kwa mkono wake, baada ya wiki kadhaa za kikombe cha peke yako, si jambo dogo. Nilikaa kwenye mkeka wao nikatafuna.

Kichwa kikawa chepesi. Mabega yalishuka, mikono ikatulia, na kwa mara ya kwanza tangu niache sigara nikacheka jambo mtu alilosema. Nilidhani ni upendo. Bi Fatuma naye alifurahi, akawaambia wenzake, "Si n'liwaambia? Mimba yataka kwao."

Utashangaa sikujua. Nilijua na sikujua. Huku kwetu tambuu ni tambuu. Anayevuta ni mvutaji, na akiwa mwanamke ana majina mengine mabaya zaidi. Anayetafuna ni mtu mzima na heshima zake, na tambuu iko kwenye harusi na kwenye sinia la kumkaribisha mgeni. Tumbaku iliyomo ndani tunaiita tumbaku, tunainunua kwa jina hilo hilo, na bado vichwani mwetu haihusiani na sigara. Ishara zilikuwepo. Mimi sikulazimika kufunga, nilikula mchana, lakini kutafuna mbele ya waliofunga si adabu. Wenzangu waliingoja magharibi kwa ajili ya uji na tende. Mimi mwenye tumbo limeshiba niliingoja kuliko wao, na nikajisifu kwamba napenda futari ya pamoja.

Idi ikapita na tambuu ikawa asubuhi, adhuhuri na jioni. Kikohozi kilikuwa kimekwisha, nalala, nacheka. Hizo zilikuwa siku zangu pekee katika mimba ile ambazo sikuwa mpweke, na nazisema hivyo hivyo. Shabani aliuliza dirishani kama sasa imemkubali. Mama yake akasema tusiijaribu. Mimi nikanyamaza, kwa sababu uani nilikuwa nimepata watu, na niliogopa harufu ya nguo zake isije ikanirudisha nyuma.

Zahanati alikuwepo Sista Agnes, mama wa Kishambaa aliyekaribia kustaafu, anayepima kila tumbo kwa tepu na kuandika kimo chake kwenye kadi. Wiki ya ishirini na nne kimo kilikuwa sentimita ishirini na tatu, akasema si mbaya, sentimita hutakiwa zikaribiane na wiki. Mwezi uliofuata masika yalikuwa yamekolea, tukakaa ukumbini tumelowa, maji yanapita chini ya benchi. Wanawake walioniona kila mwezi waliniambia nimebahatika, tumbo dogo halichoshi. Nilipolala kitandani Sista Agnes alipima, akafuta tepu kwa kitambaa, akapima tena. Wiki ishirini na nane. Kimo ishirini na nne.

Akanifunua kope aangalie damu, akaniambia nitoe ulimi. Ulimi wangu ulikuwa mwekundu kama mkia wa kasuku. "Unatafuna, mama?" akaniuliza. Nikamwambia tambuu tu. Akauliza kama naweka tumbaku. Nikasema kidogo. Akauliza mara ngapi kwa siku, nikaanza kuhesabu, nikaacha kuhesabu.

"Kwake huyo, anayevuta na anayetafuna ni mamoja," alisema, akiligusa tumbo langu.

Nilikaa palepale kitandani miguu inaning'inia. Nilikuwa nimeteseka wiki zile zote, nimemfukuza mume wangu, nimelala na kikombe changu cha peke yangu, na sikuwa nimeacha chochote. Nilikuwa nimebadilisha tu mlango wa kuingilia. Na mtoto miezi hiyo yote alikuwa mle ndani hakui. Nikasema kwa sauti, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, kwamba mimi nilikuwa mvuta sigara. Nilisubiri ashangae. Aliuliza tu miaka mingapi, na nyumbani anajua nani. Nikasema hakuna.

"Basi tafuta mmoja umwambie," akasema. "Usitafute wawili. Mmoja." Kisha akaniandikia barua ya kwenda hospitali mjini nikapigwe picha ya tumbo.

Kuacha mara ya pili kulikuwa kubaya kuliko mara ya kwanza, kwa sababu sasa kulikuwa na wa kumkosea. Bi Fatuma alinikunjia tambuu jioni ile kama kawaida. Niliipokea, nikaiweka shavuni, nikaenda kuitema nyuma ya banda la kuku. Nilifanya hivyo siku mbili. Ya tatu akanifuata. Nikamwambia nesi kanikataza, mtoto hakui. Alitazama kuku, akatazama yale mate yangu mekundu pale chini.

"Tambuu yangu ndiyo imekuwa sumu," akasema. "Haya."

Hakunigombeza. Ila hakuniita tena kwenye mkeka. Alinipikia, alinichotea maji ya kuoga, na jioni nilisikia wenzake wanazungumza uani nami niko chumbani nang'ata muwa hadi ufizi unatoka damu. Muwa na vipande vya barafu, hivyo ndivyo vilivyonivusha. Kama unatafuta cha kutia mdomoni, anza na hivyo. Mvua ilinyesha wiki nzima. Nilikuwa naweka mkono tumboni nasubiri acheze, na akicheza namwomba msamaha, na asipocheza naamka nakunywa maji baridi ili ashtuke. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, na mimi usemi huo ulinikaa vibaya kuliko matusi.

Jumapili Shabani alikuja. Sikukaa kitandani. Nilitoka barazani, nikakaa sakafuni karibu naye, na akajisogeza kando haraka ili nisimsikie harufu. Hilo ndilo lililonivunja. Nikamwambia mimba haijamkataa wala haijawahi kumkataa. Nikamwambia yote, kuanzia madereva hadi fundi wa nyumba isiyopauliwa hadi kimo cha tepu. Aliuliza miaka mingapi. Nikasema sita.

"Kabla yangu," akasema.

"Kabla yako."

Akavaa viatu akaenda kusubiri gari barabarani, mvuani. Jumapili iliyofuata hakuja. Nilikuwa nimemtafuta yule mmoja nikamwambia, na nikabaki peke yangu kuliko mwanzo. Nayasema haya ili usije ukafikiri kusema ukweli ni kama kunywa panadoli.

Siku ya picha nilikwenda mjini na Bi Fatuma, tumekaa kiti kimoja cha basi hatusemezani. Hospitali walituambia tunywe maji mengi tusiende haja, tukapangwa kwenye benchi, wanawake kama ishirini kila mmoja na chupa yake na mtu wake: dada, mama, shoga. Bi Fatuma alikaa mwisho wa benchi akiwa ameshika kadi yangu kwa mikono miwili. Waliita majina kwa fujo. Nilikuwa nimekunywa chupa tatu na tumbo linanivuta, na nilichoogopa si maumivu ila kwamba wataniambia mapigo hayasikiki.

Shabani aliingia kama saa tano, bado ana nguo za kazi. Alimsalimia mama yake shikamoo, akaja akakaa upande wangu. Ananuka chuma. Mate yakanijaa, nikayameza.

Hakuniangalia. Alisema kwa sauti ya chini, akizungumza na sakafu, "Miezi mitatu na nusu nimeoga kwa ndimu, Mwajuma. Nimebadilisha sabuni mara nne. Jumamosi nilikuwa sifanyi kazi ili Jumapili nisinuke. Nimekaa ndani peke yangu najiuliza mwanangu ananichukia kwa lipi kabla hata hajaniona." Akakwangua masizi kidoleni. "Moshi ningeuvumilia. Hilo la kuchukiwa ndilo lililonishinda."

Nilimwambia nimekosa. Tulikaa hivyo mpaka jina langu likaitwa, na alipoona siwezi kuinuka kwa maji niliyokunywa, alinishika kiwiko akaniinua.

Mtoto alikuwa hai. Moyo unapiga. Daktari alisema ni mdogo kwa umri wake, niendelee kuacha, nile, na nirudi kila baada ya wiki mbili aangalie kama anakua. Kutoka hapo maisha yangu yote yakawa wiki mbili mbili. Tepu ya Sista Agnes ikasogea sentimita moja, ikasogea tena. Mvua zikakatika, kipupwe kikaingia na upepo wake. Shabani akaanza tena kuja Jumapili, na akavuka baraza akakaa ndani, ingawa maneno kati yetu yalikuwa machache na sikumlaumu. Tamaa ya tumbaku haikwisha, ilipungua tu, ikawa inakuja kama mgeni asiye na adabu, anabisha hodi wakati umeanza kula. Bi Fatuma alikuwa bado hajasema nami zaidi ya salamu na chakula.

Nilijifungulia mjini, wiki ya thelathini na saba, msichana wa kilo mbili kasoro robo. Alilia kwa sauti ndogo, lakini alilia. Kichwa chake kilienea kwenye kiganja cha Shabani na miguu yake ilikuwa na ngozi iliyolegea, isiyo na nyama. Walinifundisha kumfunga kifuani ngozi kwa ngozi mchana na usiku ili joto langu limkuze, na nikichoka, mtu mwingine ampokee. Shabani alimbeba akitoka kazini, amevua shati, amefungwa kanga yangu, na wauguzi wakamzoea. Kila asubuhi walimweka kwenye mizani. Siku tatu uzito ulishuka, na siku hizo tatu niliangalia kila mama aliyekuwa na mtoto mnene pale wodini nikamchukia bila kosa. Siku ya nne haukushuka. Ya sita ukapanda.

Tulitoka siku ya kumi na tisa, tukafikia Kigombe ili Bi Fatuma anisaidie. Alipokea mtoto, akamfungua nguo zote mkekani, akamtazama mguu kwa mguu, kidole kwa kidole. Nilijua swali linakuja na nikaona heri nilitangulie. Nikamweleza kila kitu, sigara na yote, kwamba si tambuu yake peke yake, kwamba mimi nilianza zamani na yeye alinipa kwa mapenzi asijue. Alinisikiliza hadi mwisho huku anamfunga mtoto tena.

"Mimi nimezaa saba," akasema. "Wanne walitoka hivi hivi, wadogo. Hawakufika siku arobaini. Tulisema ni jicho, tukasema ni shetani wa pwani, nikapelekwa kwa mganga hadi Mkwaja. Hakuna aliyeniuliza natafuna nini."

Nikamwambia, mama, huwezi kujua kama ndiyo.

"Sijui," akasema. "Kujua siwezi tena."

Hakulia. Alimlaza mtoto kifuani kwangu, akanifunga kanga kwa nyuma, fundo gumu. Kijaluba kilikuwa pale mkekani karibu na goti lake. Akakisukuma kwa vidole, hakukitupa, akakisogeza tu hadi ukutani ambako mkono haufiki ukiwa umekaa. Nikaona kidole gumba chake kinasugua kidole cha shahada, kile kinachopaka chokaa, kinasugua na hakuna jani.

"Siku ya ngapi ndiyo mbaya?" akaniuliza.

"Ya tatu, mama."

"Basi kesho kutwa usitoke. Ukae na mimi."